Mke wa Kinyozi kwa Wiki Mbili

4 Februari

Mwanangu,

Hujambo? Mkeo hajambo? Na mjukuu wangu je? Mimi sijambo, ni goti tu limejifanya limezeeka kabla ya mwenyewe. Duka la pasi linakwenda. Wiki hii nimenyoosha sare za wahudumu wa hoteli, mashati meupe rundo zima, na mvua imekaa mbali mpaka la mwisho likakauka. Muuza mkaa wa jirani amepata mjukuu, amempa jina langu la utani, Mwiko. Nimemwambia mtoto huyo atakuwa na maneno, asije akanilaumu.

Utashangaa kupata barua badala ya simu. Nimefanya makusudi. Kila nikikupigia na kulifikia jambo lenyewe, mtandao unakatika upande wako. Karatasi haina mtandao.

Leo jambo ni la furaha. Unamkumbuka marehemu Fundi Taa, yule mpiga picha aliyetengeneza filamu yetu? Binti yake alikuwa anabomoa dari la studio, akakuta makopo ya mikanda. Ni ile ile, *Mgeni wa Kabatini*! Ameipeleka kwa wataalamu wakaisafisha, na Jumamosi ya pili ya Julai itaonyeshwa kwenye ukumbi wa zamani wa sinema. Siku hizi ni ghala la magodoro, lakini mwenyewe amekubali kuyasogeza.

Mjukuu wangu hajawahi kuiona. Mweleze hivi: mke anamficha kaka yake kabatini, kwa sababu kaka na mume wamenuniana. Mume anasikia chafya, anadhani ni hawara. Mama mkwe anadhani ni mwizi. Askari anaitwa, naye anaingia kabatini kukagua, mlango unajifunga. Kufika mwisho kabati limejaa ukoo mzima na chumba hakina mtu. Mke ni mimi. Mume ni Kinyozi. Kaka alikuwa fundi viatu, Mungu amrehemu, chafya zake zilikuwa za kweli.

Nimewekewa kiti cha mbele. Njooni wote.

Mama yako

27 Februari

Mama mpendwa,

Shikamoo. Barua yako nimeipata. Sote tu wazima. Hapa duka la dawa tuna kazi nyingi, mafua yameingia mjini na watu wanapanga foleni mpaka barabarani. Pole na goti. Nitakutumia dawa ya kuchua, usichanganye na ile ya muuza mkaa.

Nina habari kubwa. Mjukuu wako amechumbiwa. Kijana ni mhandisi, mtulivu, na baba yake ni hakimu mstaafu. Ni watu wa heshima, Mama. Nyumbani kwao hata saa ya ukutani inagonga kwa adabu. Harusi itakuwa Septemba.

Kuhusu ile filamu, naomba uzungumze na huyo binti wa Fundi Taa aiache. Akikataa, basi wewe usiende. Siku hizi kitu kikionyeshwa jioni, asubuhi kiko kwenye simu za watu wote. Sitaki kusema mengi. Unajua kwa nini.

Mwanao

10 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mjukuu kuchumbiwa ni habari ya kupigiwa vigelegele. Nilipiga peke yangu dukani mpaka mteja akadhani nimejiunguza. Mwambie nguo yake ya harusi hataipiga pasi mtu mwingine. Dawa ya kuchua imefika. Inanuka vizuri kuliko inavyofanya kazi.

Sasa umeandika, "Unajua kwa nini." Sijui. Niandikie.

Wewe unakumbuka nini kuhusu filamu ile? Ulikuwa na miaka kumi, ulikuwa unakalia ngazi ukila njugu. Mimi nakumbuka kila kitu. Fundi Taa alikuwa na kamera ya kuazima na taa mbili, moja ikiwaka nyingine inapumzika. Kabati tuliliazima kwa mwalimu wa hesabu, na halikuwa na mgongo, kwa hiyo waliojificha walikuwa wanatokea dirishani kwenda kunywa chai. Kila jioni tulilirudisha, maana mwalimu alikuwa hana pengine pa kutundika suruali. Mwiko niliompiga nao Kinyozi ulitakiwa uwe wa mpira. Hela ya mpira haikuwepo. Nilimpiga na wa mti, nyusi ikavimba kama andazi, na ndiyo maana kuanzia pale utamwona anaongea akiipa kamera ubavu mmoja tu mpaka filamu inakwisha.

Nilikuwa mke wa Kinyozi kwa wiki mbili, mbele ya kamera, mchana kweupe, baba yako akipita na kuomba chai. Mwezi mzima ukumbi ulijaa. Watu walicheka mpaka wakakanyagana. Unajua ni kazi gani kumchekesha mtu aliyetoka kazini amechoka? Kupiga pasi ni rahisi zaidi.

Sitamwambia mtu aiache. Nami nitakwenda.

Mama yako

2 Aprili

Mama,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Sisi tu wazima.

Umetaka niandike, basi naandika. Hakimu ameanza kuulizia ukoo wetu, kama ilivyo haki yake. Nimemwambia baba yangu alikuwa dereva wa malori ya mbali, na kwamba mlitengana. Hajauliza zaidi. Ile filamu ikionekana, atauliza.

Shuleni waliniita "wa Kinyozi". Sikukuambia. Nilipokwenda kunyolewa, walinisindikiza mpaka mlangoni wakiimba, "Anakwenda kwa baba'ke." Nikaacha kunyolewa, ukanichapa kwa kuwa na nywele kama kichaka, na bado sikukuambia. Baba aliondoka mwezi ule ule filamu ilipotoka. Mtaa mzima ulijua kwa nini. Wahenga walisema lisemwalo lipo.

Sikuulizi kitu, na usinijibu. Ninachoomba ni kimoja tu. Ukikaa kwenye kile kiti cha mbele pamoja na mtu yule, basi itakuwa vizuri usije harusini. Nitatafuta la kuwaambia wakwe.

Mwanao

19 Mei

Mwanangu,

Barua yako nilikaa nayo muda mrefu. Mara tatu nilianza kuijibu nikaona naandika matusi, nikachoma. Leo nimetulia. Salamu zote kwenu.

Kuhusu nywele, nisamehe. Ungesema.

Wahenga wako hawakuishia hapo ulipowakata. Walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Nimelisubiri lije kwa miaka thelathini na tano. Halijafika. Labda limepata pancha njiani.

Sasa sikiliza, nitasema mara moja. Siku baba yako alipoondoka ilikuwa saa nne asubuhi. Nilikuwa nampigia pasi shati la safari. Aliingia, akasimama, akasema, "Shati hilo usilikunje, nalivaa hapa hapa. Na sirudi."

Nikamwuliza, "Safari gani hiyo isiyo na kurudi?"

Akasema, "Nina nyumba nyingine kule ninakopakua mzigo. Nina mke na mtoto. Ni ya siku nyingi."

Nikamaliza kola. Nikamaliza mikono. Nikampa shati lake. Hakuna nguo niliyowahi kuinyoosha vizuri kama ile, maana nilikuwa naogopa kuinua macho. Jioni yake nikasikia kituo cha malori kizima kinasema dereva amemkimbia mkewe kwa sababu ya filamu na Kinyozi. Hilo alilisema yeye mwenyewe alipokuwa anawaaga wenzake.

Ningeweza kutoka barabarani nikapaza sauti. Kupaza sauti ndiko ninakokuweza. Lakini wewe ulikuwa umekaa kwenye ngazi unamsubiri, unawaambia watoto wenzako kwamba baba yako anaendesha lori lenye matairi mengi kuliko yote. Nikaona mtoto huyu akishajua baba yake ni mwongo, atabaki na nini? Kwa hiyo nilikuachia baba, mimi nikabaki na mwiko.

Fundi Taa alikuja kunitaka kwa filamu ya pili. Nilikataa, maana maneno yalikuwa mengi na wewe ulikuwa mdogo. Hicho ndicho ninachojutia. Kuigiza sijutii hata kidogo. Najuta kuacha.

Kuhusu lile uliloogopa kuliuliza, sitalijibu. Si kwa sababu sina jibu. Mwanamke hajielezi kwa mtoto wake mwenyewe kama mshtakiwa, hata kama mtoto huyo ana wakwe mahakimu. Baba yako yu hai. Anwani yake iko nyuma ya barua hii. Nenda kamwulize yeye.

Jumamosi ya pili ya Julai nitakaa kiti cha mbele. Kinyozi atakaa pembeni yangu, maana macho yake hayaoni vizuri na mtu lazima amshike mkono kwenye ngazi. Harusi ni yako, fungia mlango umtakaye. Lakini mjukuu ni wangu, na huyo hukuniazima.

Mama yako

15 Julai

Mwanangu,

Hujanijibu. Nakuandikia hivyo hivyo, maana kuna habari na siwezi kuikalia. Natumaini kwenu ni wazima. Goti langu leo limevimba, lakini limevimba kwa heshima.

Ukumbi ulijaa. Walioshindwa kupata viti walikalia magodoro, wakawa wanaona vizuri kuliko sisi. Nilivaa gauni la bluu, lenye wanga mpaka likawa linasimama lenyewe. Kinyozi alikuja na fimbo na koti la kuazima. Tulipopita, watu wazima walinong'ona, nikasikia, nikatembea polepole zaidi ili wamalize.

Taa zikazimwa. Mwanangu, nilijiona. Nilikuwa mwembamba kama waya wa kuanikia nguo, na domo mpaka huku. Watu wakaanza kucheka toka nilipofungua mlango. Vijana ambao hata wazazi wao walikuwa hawajaoana! Fundi viatu alipopiga chafya ya kwanza, mama mmoja nyuma yangu alianza kulia kwa kicheko na hakunyamaza tena.

Kisha sauti ikakatika. Picha inakwenda, midomo inatembea, lakini kimya kabisa. Binti wa Fundi Taa akasimama mbele akasema samahani, kopo la katikati lilikuwa limeharibika, wameokoa picha tu. Watu wakaanza kupiga miluzi. Ndipo mzee mmoja, aliyekuwa na baba yako kituo cha malori, akapayuka kutoka nyuma:

"Mwiko! Basi tuambie mwenyewe! Yule mtoto wako ni wa nani?"

Vichwa vyote vikanigeukia. Kinyozi akanishika kiwiko, akasema, "Kaa, mama, achana naye." Mimi nikainuka.

Nikamwambia, "Ni wangu. Wewe ulifua nepi zake?"

Wakalipuka. Walicheka mpaka mzee mwenyewe akakaa chini. Na mimi, kwa kuwa nilikuwa nimeshasimama na goti lilikuwa limeshauma, nikageukia ile picha isiyo na sauti na kuanza kuisemea. Maneno yote ninayo, sikusahau hata moja. Nikasema ya mke, nikasema ya mama mkwe. Kinyozi naye akasimama, akajishikiza kwenye fimbo, akaanza ya mume. Lakini yeye alikuwa amesahau, isitoshe haoni midomo inasema nini. Kwa hiyo pale mume anapotakiwa kuuliza, "Nani yumo kabatini?" yeye akauliza, "Chai iko wapi?" Nami ikabidi nijibu hilo. Tulikwenda hivyo, yeye akipotea mimi nikimrudisha, mpaka sauti ya filamu yenyewe ikarudi, na watu wakapiga kelele wakitaka izimwe tuendelee sisi.

Nilipotoka nje nilikaa kwenye ngazi, sikutaka kwenda nyumbani. Si kwa sababu ya goti. Nilikuwa nimeisahau hali ile, ya watu wengi kushika pumzi wakisubiri utakachosema. Niliitupa nikiwa na miaka thelathini na tatu, kwa ajili ya midomo ya watu waliokuwa hawanifulii hata kitambaa.

Sitaitupa tena. Nilitaka ulijue hilo, uje au usije.

Mama yako

3 Agosti

Mama,

Shikamoo. Wote huku wanakusalimu. Mafua yamepungua.

Nilikwenda kwenye ile anwani. Nilichelewa kukujibu kwa sababu sikujua niandike nini kabla ya kwenda, na nilipokwenda sikujua niandike nini baada ya kurudi.

Nilipobisha, mlango ulifunguliwa na mimi mwenyewe, ila mwenye ndevu. Paji la uso langu, masikio yangu, hata kusimama kwa mguu mmoja kama ninavyosimama kaunta. Tulitazamana mpaka akacheka kwa aibu. Baadaye nikajua ananizidi mwaka mmoja. Mwaka mmoja, Mama. Ananizidi.

Baba alikuwa anatazama mpira. Amenenepa. Alinipokea vizuri, akaagiza soda, akauliza habari za malori ya siku hizi kana kwamba mimi ndiye dereva. Nikamwuliza moja kwa moja, "Baba, uliondoka kwa sababu ya filamu?"

"Filamu gani?"

"Ya kabati. Ya Mama na Kinyozi."

Akafikiri kidogo, kisha akatabasamu. "Aa, ile. Ile ilinisaidia."

Nikasema, "Watu walisema mimi ni wa Kinyozi."

"Watu nao! Kinyozi alihamia pale wewe unakimbia barabarani. Mimi ndiye niliyemwonyesha chumba cha kupanga." Kisha akaniomba nisogee, nilikuwa nimeziba mpira.

Hiyo tu, Mama. Jambo lililoninyima usingizi tangu nina miaka kumi lilikuwa limeziba mpira wake. Nilisogea, nikamaliza soda, nikaaga. Ndugu yangu alinisindikiza mpaka kituoni. Alisema na yeye aliambiwa kwamba wewe ni mwanamke mgomvi aliyetaka kuwaharibia nyumba yao. Tulipeana namba za simu.

Jumapili nikaenda kwa Hakimu nikiwa na binti yangu. Nikawaeleza yote, tangu lori mpaka nepi. Mtu alikuwa ameshawatumia ile sehemu mliyosimama na kuisemea filamu, wameiona. Hakimu akakohoa, akasema, "Ndugu yangu, mambo ya namna hii ni bora yakae kimya."

Nikamwambia, "Mzee, yamekaa kimya miaka thelathini na tano. Yameoza. Huyo ni mama yangu, na harusini atakaa kiti cha mbele. Kama kuna asiyeweza kukaa mstari mmoja naye, atakaa wa pili."

Sijui sauti ile niliitoa wapi. Ilikuwa kubwa mno kwa sebule ile. Binti yangu akaongeza kwamba yeye bila bibi yake haolewi, na nguo ibaki na mikunjo yake. Kijana akasema, "Na mimi nasimama na mchumba wangu." Hakimu akatutazama mmoja mmoja, kisha akamwomba mkewe alete chai. Hajaridhika. Lakini harusi iko palepale.

Samahani, Mama. Sina neno jingine, hilo ndilo nililo nalo. Naomba uje. Nitakufuata na gari mwenyewe.

Mwanao

20 Agosti

Mwanangu,

Marahaba, na mara hii naitikia kwa moyo wote. Msalimie ndugu yako mpya. Yeye hana kosa, aje dukani, nitamnyooshea shati bila kukunja uso.

Samahani yako nimeipokea. Usiirudie rudie, itapauka.

Nitakuja, lakini kwa masharti yangu. Usinifuate na gari. Nitakuja na Kinyozi, gari moja, tuteremke pamoja mbele ya mlango, na mkono wake uwe kwenye mkono wangu mpaka kwenye viti. Wakwe watazame mpaka macho yakauke. Si kwa sababu kuna jambo kati yetu. Ni kwa sababu hakuna, na halijawahi kuwepo, na nimechoka kutembea mbalimbali na mtu mwema kama tuliiba kitu. Wateja waliukimbia wembe wake kwa maneno yale, na hata siku moja hakunilaumu. Naye atakaa mstari wa kwanza.

Hakimu usimsukume. Mwache anywe chai yake. Watu wa aina hiyo hukubali polepole ili ionekane ni wazo lao.

La mwisho. Binti wa Fundi Taa anatengeneza filamu mpya, wiki inayofuata harusi tunaanza. Hela hakuna kama zamani, kabati tutaazima tena. Mimi ni bibi aliyewafungia wanawe wote nje ya nyumba mpaka waseme ukweli. Nimeshakubali, na muuza mkaa atakaa dukani kwangu asubuhi. Sikuombi ruhusa, nakupa habari.

Wanatafuta pia mtu wa kuigiza mtoto anayemwonea mama yake aibu. Nimewaambia nilikuwa naye mmoja, hodari sana, lakini ameacha kazi.

Mama yako